Mtama Peke Yake Haunyonyeshi

Wahenga walinena kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hiyo wengi wetu tumeirithi kama kwamba ni hukumu isiyokatiwa rufani. Lakini mwenye kupita leo katika vichochoro vya Nyakuron, mtaa wa mji wa Juba ambamo askari na polisi wamepanga ubavuni mwa raia, atakuta jambo lililo kinyume cha methali. Nguruwe wa maskini huzaa, tena huzaa wengi, kisha wanawe hufa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake. Makala haya yanahusu vifo hivyo. Sisi twaamini kwamba si kudra ya Mungu, bali ni kosa la ugavi. Na kosa la ugavi, kama kila askari ajuavyo, hurekebishwa.

Tuanze na tulichokiona. Mwenzetu mmoja mwenye cheo cha koplo anaishi Nyakuron na mkewe na watoto watano. Mke hupika marisa ya mtama, na machicha yake hupewa nguruwe jike aliyefungiwa katika banda la mabati nyuma ya nyumba. Jike huyo alizaa kwa mara ya kwanza watoto tisa. Siku ya kuachishwa ziwa walikuwa wamebaki wanne, migongo imewachongoka. Mama yao alikuwa amekonda hata mbavu zikahesabika, na baada ya kuwaacha watoto alikaa zaidi ya mwezi bila kutafuta dume. Tulipouliza, mama mwenye nyumba alitujibu kwa uchungu: "Afande, huyu namshibisha. Hakuna siku aliyolala na njaa hapa kwangu." Wala hakusema uongo. Pipa la machicha lilikuwa limejaa.

Hasara hiyo si ndogo. Mwaka 2024 watumishi wa umma wa nchi hii, wenye sare na wasio na sare, walikaa miezi mingi bila mshahara. Kila askari anakumbuka nyumba yake iliishije. Palipokuwa na mfugo wa kuuza, karo ililipwa na dawa ikanunuliwa. Pasipokuwa nao, watu walikopa au walilala njaa. Watoto watano wa nguruwe waliokufa katika banda lile walikuwa ni karo ya mihula kadhaa. Kwa hiyo swali la nini kimpungukiacho jike aliyeshiba si la wasomi peke yao. Ni swali la nyumba zetu.

UMESHIBA, LAKINI UNA NJAA

Protini, yaani sehemu ile ya chakula inayojenga nyama, damu na maziwa, si kitu kimoja. Imeundwa kwa vijenzi vidogo viitwavyo asidi amino, mfano wa ukuta ulioundwa kwa matofali. Aina zake ni 20. Baadhi yake nguruwe hujitengenezea mwenyewe mwilini. Lakini zipo nyingine, kama 10 hivi, ambazo hana budi kuzipata katika chakula. Majina ya chache yafaa tuyazoee, kwa kuwa ndizo zinazotuua watoto wa nguruwe: laisini, methionini, threonini, triptofani na valini.

Tulipokuwa chuo cha maofisa tulifundishwa ugavi kwa hesabu nyepesi. Bohari lina mashati 100, suruali 100, kofia 100, na jozi 40 za viatu. Je, waweza kuwavisha askari wangapi sare kamili? Jibu ni 40. Mashati 60 yaliyosalia hayamvishi mtu miguuni. Mwili wa nguruwe hufanya hesabu iyo hiyo. Maziwa hutengenezwa kwa mpangilio maalumu wa asidi amino, na ile moja iliyopungua ndiyo inayoamua maziwa yatakuwa kiasi gani. Na hapo mwili umelizidi bohari kwa ukali, kwa sababu haufungui rafu ya kutunza ziada. Zile asidi amino zilizozidi huchomwa kama kuni, na naitrojeni yake hutoka katika mkojo.

Katika mtama, mahindi na mihogo, kiatu kinachopungua ni laisini. Kilo moja ya mtama ina protini kama gramu 100, lakini laisini iliyomo haizidi sana gramu 2. Kilo moja ya mashudu ya soya ina laisini karibu gramu 28. Machicha ya marisa nayo ni mtama ule ule uliokwisha kutoa wanga wake: takriban robo tatu ya uzito wake ni maji, na protini iliyomo bado ni ile ile iliyopungukiwa laisini. Ndiyo maana jike wa koplo alishiba pasipo kunenepesha wanawe. Tumbo lilijaa, na viatu havikuwamo bohari.

Elimu hii imetimiza zaidi ya karne moja. Mwaka 1914 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya protini ya mahindi iitwayo zeini. Panya walikula wala hawakukua. Walipoongezewa triptofani na laisini, wakaanza kukua. Katika miaka ya 1950 Wajapani waligundua namna ya kuwatumia bakteria kutengeneza asidi amino viwandani, na leo laisini ya unga huuzwa kwa magunia dunia nzima. Mfugaji wa Denmaki au Marekani huichota kwa kipimo na kuichanganya na nafaka. Sisi hatumuonei wivu. Twasema tu kwamba alichonacho katika gunia, sisi tunacho mtoni na shambani, ila hatujakipanga.

SIKU MIA MOJA NA KUMI NA NNE

Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 kwa wastani, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Siku hizo hazilingani, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea kwa nia njema.

Katika miezi miwili na nusu ya kwanza, watoto tumboni bado ni wadogo mno. Jike huhitaji laisini kama gramu 10 hadi 12 kwa siku, na chakula cha kilo 2 au 2 na nusu chamtosha. Kumjaza zaidi ya hapo si kumpenda. Jike aliyenona kupita kiasi huzaa kwa taabu, huwalalia watoto wake, na baya zaidi, hukosa hamu ya kula wakati ule wa kunyonyesha ambapo tungetaka ale sana.

Mambo hubadilika kuanzia siku ya 85 au 90. Zaidi ya nusu ya uzito wa kuzaliwa wa mtoto huongezeka katika mwezi wa mwisho. Wakati huo huo viwele vinajengwa kwa ndani, na kiwele kisichojengwa vizuri hakitajaa maziwa baadaye hata ukimpa jike karamu. Katika mwezi huo mahitaji ya laisini hupanda hadi kati ya gramu 15 na 20 kwa siku. Jike wa mimba ya kwanza ana mzigo wa ziada, kwa kuwa mwili wake mwenyewe haujamaliza kukua. Yeye ni mfano wa kuruti aliyebebeshwa shehena ya watu wawili. Akianguka njiani, lawama si yake.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga ya maradhi, kwa sababu kinga ya mama haipiti katika kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Huipata katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya siku ya kwanza, na kinga hiyo yenyewe ni protini. Aliyezaliwa mnyonge hana nguvu ya kugombea chuchu, na asiyenyonya siku ile ya kwanza aghalabu haoni wiki ya pili.

HESABU YA MAZIWA

Sasa tufike kwenye kunyonyesha, ambako ndiko vita vyenyewe viliko. Ili watoto waongezeke kilo moja kwa jumla, mama yao hutoa maziwa kama kilo 4, na ili atoe maziwa hayo chakula chake chapasa kuwa na laisini kama gramu 26. Tuchukue jike wa kawaida wa mitaani kwetu, mwenye watoto wanane, kila mtoto akiongezeka gramu 150 kwa siku. Jumla ni kilo 1 na gramu 200. Maziwa hayo yanadai gramu 31 za laisini, na mwili wa mama kwa matengenezo yake wadai gramu mbili au tatu. Jumla ni karibu gramu 34 kila siku. Majike wa mbegu za kizungu wenye watoto 11 au 12 hudai gramu 50 hata 60.

Haya, jike wetu amepewa kilo 4 za mtama. Ndani yake mna gramu 8 au 9. Gramu 25 zitatoka wapi? Kwanza hutoka katika nyama ya mwili wake mwenyewe. Mwili huvunja misuli ya mgongo na mapaja ili kupata kile kiatu kilichokosekana. Lakini kwa makadirio ya hesabu, kufidia gramu 25 kwa njia hiyo kungemgharimu zaidi ya kilo moja ya nyama kila siku. Hawezi. Hivyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hukonda, na hupunguza maziwa. Watoto wenye nguvu hushika chuchu za mbele, na wanyonge hufa. Sisi nasi husema, "Ni bahati mbaya."

Hasara haiishii hapo. Jike aliyetunzwa vema hurudi kutafuta dume siku nne hadi saba baada ya kuachisha watoto. Aliyekula misuli yake mwenyewe hukawia kwa majuma, na uzao unaofuata mara nyingi huwa haba. Tulichokiona kwa koplo kilikuwa ni deni la uzao wa kwanza likilipwa katika uzao wa pili.

BOHARI LETU LIKO WAPI

Mtu atauliza, laisini hiyo tuitoe wapi sisi wa Juba? Jibu la kwanza ni Mto Naili. Samaki waliokaushwa wanaoletwa mjini kutoka Terekeka na kwingineko kandokando ya mto wana laisini nyingi kuliko karibu kila kitu kinachouzwa sokoni. Kilo moja ya samaki waliokaushwa vizuri na kusagwa yaweza kuwa na gramu 45. Vichwa, miiba na matumbo ambayo wachuuzi hutupa yana kiasi kidogo kuliko nyama yenyewe, lakini bado ni hazina, na bei yake ni ya kusogezewa tu.

Jibu la pili ni mashudu ya karanga, yenye laisini kama gramu 15 kwa kilo. Jibu la tatu ni kunde na ufuta, ambao sokoni Konyo Konyo huitwa simsim, na hapa pana fundisho zuri la ushirikiano. Kunde ina laisini nyingi, lakini methionini yake ni haba. Ufuta una methionini nyingi, lakini laisini yake ni haba. Kila mmoja peke yake ni kilema. Wakiwekwa pamoja, kila mmoja humvika mwenziwe kile asichokuwa nacho. Majani ya kunde na ya viazi vitamu nayo husaidia, ingawa hujaza tumbo upesi, hivyo yasiwe ndio mlo mzima wa mnyonyeshaji.

Tutoe kipimo kimoja kwa jike yule wa watoto wanane. Mtama uliosagwa kilo 3 na nusu, mashudu ya karanga nusu kilo, na samaki waliokaushwa na kusagwa gramu 400. Mtama utatoa laisini kama gramu 7 na nusu, mashudu kadhalika, na samaki gramu 18. Jumla ni gramu 33. Pengo lililokuwa la gramu 25 limekuwa la gramu moja, na kazi hiyo imefanywa na chini ya kilo moja ya vitu viwili.

Yapo ya kutahadhari. Samaki wa chumvi waoshwe kwanza, na maji ya kunywa yasikosekane kamwe. Chumvi pasipo maji humuua nguruwe, na anyonyeshaye hunywa lita 20 na zaidi kwa siku, maana maziwa ni maji kwanza. Karanga na mashudu yenye ukungu yatupwe, kwa kuwa ukungu huo huwa na sumu ya aflatoksini. Soya na kunde zisitolewe mbichi. Zikaangwe au zichemshwe, kwa sababu zikiwa mbichi zina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa. Mtama mwekundu wenye ukakasi hushikilia sehemu ya protini yake, basi mweupe ni bora. Na anayenunua dagaa wa kusagwa walioletwa kwa barabara ya Nimule atie kiganja majini kabla ya kulipa: mchanga huzama, na katika biashara hiyo mchanga umepata kuuzwa kwa bei ya samaki.

Juu ya yote, mabaki ya jikoni yachemshwe vizuri, na mabaki yenye nyama ya nguruwe yasiingie bandani kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ingali katika ukanda wetu. Haina tiba, na ikiingia haiulizi kama jike alipewa laisini au hakupewa.

MANENO YA WAPINZANI

Tumesikia hoja tatu, nazo zastahili jibu la heshima. Ya kwanza yasema kwamba nguruwe si mfugo wa heshima. Wengi wetu tumetoka katika koo za wafugaji wa ng'ombe, ambamo mahari, sifa na jina la mtu huhesabiwa kwa pembe. Hatumwambii mtu amwache ng'ombe wake. Lakini ng'ombe hafugiki katika ua wa hatua kumi Nyakuron, na huzaa ndama mmoja, ilhali nguruwe huzaa wanane katika ua huo huo.

Ya pili ni ya dini. Ndugu zetu Waislamu, na Wakristo ambao madhehebu yao hayaruhusu, hatuwaandikii hapa ili wavunje imani yao. Wao wachukue kanuni na kuipeleka kwa kuku, kwa maana kuku naye hutaga kwa asidi amino, wala si kwa mtama mtupu.

Ya tatu ndiyo nzito. Yauliza: je, ni haki kumpa nguruwe samaki katika nchi ambamo binadamu wana njaa? Hapana, si haki kumpa samaki ambaye mtoto wa jirani angemla. Ndiyo maana twasema vichwa, miiba, matumbo, damu ya machinjio ya ng'ombe iliyochemshwa na kukaushwa, na mashudu. Tena twasema vitolewe kwa jike wa mwezi wa mwisho na anyonyeshaye tu, si kwa kila nguruwe wala kila siku. Aliye na hesabu hutumia kidogo. Asiye na hesabu ndiye mharibifu, kwa kuwa yeye humwaga mtama mwingi katika tumbo lisiloweza kuutumia, na mtama ule ungekuwa uji wa mtu.

Na tukiwa hapo, tuseme jambo lililo karibu zaidi na nyoyo zetu. Mama mjamzito na mama anyonyeshaye katika nyumba zetu naye hula mtama, mahindi na mihogo. Kanuni ya kiatu kinachopungua haiwaachi binadamu. Askari anayeona ni busara kumtafutia jike wake samaki na kunde, na asione ni busara zaidi kumtafutia mkewe, huyo hajasoma makala haya vema.

KILICHO MIKONONI MWETU

Majeshi kushika jembe na kufuga si jambo la aibu wala jipya. Jeshi la Kujenga Taifa la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1963, liliwafundisha vijana kulima na kufuga sambamba na gwaride. Huko Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili, hata askari wa zimamoto walifuga nguruwe kwa mabaki ya jikoni, na watu wakala.

Sisi twapendekeza machache yasiyongoja bajeti. Kila kikosi chenye jiko kichemshe mabaki yake badala ya kuyamwaga. Kila kituo chenye ua kipande mistari ya kunde. Daktari wa mifugo aliye karibu aalikwe kuzungumza na familia, hasa akina mama, maana ndio wenye banda. Na kila mwenye jike aandike kwa chaki, mlangoni mwa banda, tarehe aliyopandwa, kisha ahesabu siku 85. Kuanzia siku hiyo mgao ubadilike. Askari asiyejua tarehe ya shambulio hawezi kupanga risasi. Mfugaji asiyejua tarehe ya kuzaa hawezi kupanga laisini.

Tulipopita tena Nyakuron hivi karibuni tulimkuta jike yule yule wa koplo, amenenepa kidogo na ana mimba. Mlangoni palikuwa na chaki nyeupe: tarehe ya kupandwa, na chini yake mistari ya siku, mitano mitano, kama anavyohesabu mlinzi wa zamu. Juu ya bati vilikuwa vimeanikwa vichwa vya samaki, vikilindwa na mtoto mwenye fimbo dhidi ya mwewe. Mama mwenye nyumba hakutuahidi kitu, nasi hatukumwahidi. Alisema tu kwamba siku ya 85 ni Alhamisi ijayo, na kwamba safari hii ghala halitakuwa tupu.

Ndugu zetu wenye sare, kila mmoja wenu ana mlango wake. Chaki ni rahisi kupatikana.